Sahani ya Kabanga

Mama alipofariki, mwishoni mwa mvua zilizopita, watoto wangu walikuja kunisaidia kupanga vitu vyake. Havikuwa vingi. Mwanangu wa kwanza, ambaye hapendi vitu vya zamani vikae nyumbani, alivuta chini ya kitanda sahani mbili za bati la emaye, nyeupe, zenye ukingo wa buluu, akazitupa kwenye gunia la takataka. Nilimnyang'anya kwa nguvu mpaka mwenyewe nikashtuka. "Mama, ile masahani ilisha kutoboka," akasema, "ya nini tena?" Nikamwambia ni zangu. Akauliza mbona mbili, na zote sawasawa. Nikamwambia aendelee kufagia, maana mtu wa umri wangu ana haki ya kutojibu.

Lakini ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto katika mji huu wakati Katanga ilipojitangaza kuwa nchi ya peke yake, ninyi nitawajibu. Mtanielewa nikisema kwamba miaka ile ilikuwa vigumu kujua nani ana akili timamu na nani hana. Nimejaribu maisha yangu yote kujua mama yangu aliugua kuanzia siku gani. Sijapata jibu, na nimezeeka.

Tulizaliwa wawili, mimi na Kabanga. Mimi nilitangulia, kwa hiyo nikaitwa Mbuyi. Kwetu sisi tuliotoka Kasai majina ya watoto pacha, mapasa, hayachaguliwi, watoto huja nayo tumboni. Wazazi nao hupoteza majina yao siku hiyo hiyo. Mama aliitwa Mwambuyi, yaani mama wa Mbuyi, na baba Shambuyi, na ungemwuliza jirani yeyote pale Katuba jina la mama yangu la ubatizo, asingelijua. Mapasa wana desturi zao. Ukimpa mmoja embe, mpe na mwenzake, saa ile ile, la ukubwa ule ule. Ukimsalimia mmoja, uulize habari za wa pili, la sivyo atanuna na ugonjwa utaingia. Baba alikuwa fundi wa kushona, mashine yake ikikaa barazani, na sijawahi kumwona akikata gauni moja bila la pili. Tulifanana mno. Mama peke yake ndiye aliyetujua bila kutazama mara mbili. Kwa ajili ya watu wengine wote, alimfunga Kabanga uzi mwekundu kwenye mkono wa kushoto.

Kabanga alikufa kwa surua. Tuliugua wote wawili, tumelala kwenye mkeka mmoja, na mimi nikapona. Nilikuwa na miaka sita, labda saba. Ninachokumbuka ni mikono ya mama ikinuka mafuta ya mawese, na kelele nyingi uani. Kelele zenyewe zilikuwa za furaha. Wanawake wa Kasai wa mtaa mzima walikuja wakiimba nyimbo za mapasa, zile nyimbo zenye maneno ambayo siku nyingine ungechapwa kwa kuyatamka, wakacheza na kupiga makofi, na nyuso zao zilikuwa kavu. Pasa akifa, haliliwi. Bibi mmoja mnene, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa, alimshika mama mashavu mbele yangu.

"Mwambuyi, mapasa haiko ya kulilia," akamwambia. "Ukilia huyu, utaita na ule mwenye anabakia."

Aliyebakia nilikuwa mimi. Nililielewa hilo vizuri kuliko somo lolote nililofundishwa baadaye shuleni: chozi la mama likidondoka, nitakufa. Kuanzia siku ile nikawa mlinzi wa macho ya mama. Akikata vitunguu nilikimbilia kumpokea kisu. Upepo ulipogeuka na kutuletea moshi wa lile dohani kubwa la kiwanda cha shaba, ule moshi wenye ladha ya kiberiti ambao mnaujua, wanawake wengine walikimbia kuanua nguo, na mimi nilikimbia kumletea mama kitambaa cha kufuta macho. Watu walinisifu kuwa mtoto mwenye huruma. Nilikuwa mtoto mwenye woga.

Sahani ya Kabanga iliendelea kuwekwa. Hilo halikumshangaza mtu, nalo ni desturi. Mama alikata ugali wa bukari vipande viwili sawa, akaweka mboga ya sombe sawa, na wakipatikana samaki wakavu wa Pweto, mkia kwangu na mkia kwake. Sahani ya pili ilikaa pembeni mpaka tumalize, kisha mimi nikaila, kwa kuwa chakula cha pasa aliyeondoka huliwa na mwenzake. Niseme kweli, sikuchukia. Jirani akipita alituamkia kwa majina yote mawili, na mama akaitikia kwa yote mawili.

Ndiyo maana sijui. Mama alipoanza kulifua gauni la Kabanga kila siku, gauni ambalo halikuvaliwa na mtu, baba alisema, "Umuache. Njo desturi." Alipoanza kuongea na ile sahani, akiiuliza kama chumvi imetosha, baba alisema vilevile, ila kwa sauti ya chini. Halafu mchana mmoja aliniita kutoka jikoni: "Kabanga! Enda uite dada yako, bukari iko tayari." Nilisimama kidogo. Kisha nikatoka, nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa mbele kama Mbuyi. Mama akaniuliza, "Na Kabanga? Ulimuacha wapi?" Nikatoka tena. Nilidhani ni mchezo, na niliona ninaucheza vizuri. Baba alikuwa ameacha kukanyaga mashine. Alikuwa akinitazama nikizunguka nyumba, pini za kubania nguo zimejaa mdomoni mwake.

Wakati huohuo mji wote ulianza kufanya mambo ya ajabu. Bendera mpya yenye misalaba ya shaba ilipanda kwenye nguzo, na watu tuliokuwa tukichota nao maji bomba moja wakaacha kutusalimia. Kasai likawa neno la kutukana. Vijana wenye minyororo ya baiskeli walipita mtaani wakihesabu nyumba zetu kwa vidole. Mama alianza kunong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kuziba dirisha kwa godoro, na kusema kuna watu wanatusikiliza ukutani. Ningesema hapo ndipo kichwa chake kilipoharibika, ila jirani zetu wote wa Kasai waliziba madirisha kwa magodoro, na ukutani kweli kulikuwa na mtu, kijana wa nyumba ya tatu, aliyekuja kusikiliza tunaongea lugha gani. Mama alisema watachoma paa la nyumba. Wiki iliyofuata walichoma paa la fundi viatu, mwenzake baba. Sasa mtoto wa umri wangu angefikiri nini? Nilifikiri mama anajua mambo kabla ya wengine. Nilijivunia.

Siku ya kukimbia, baba alifungua kichwa cha mashine ya kushona, akakifunga kwenye shuka, akatangulia nacho barabarani pamoja na kundi la watu wa mtaa. Alituambia tufuate upesi. Mama alikaa kizingitini, sahani mbili mapajani.

"Miye siende," akasema. "Kabanga hayakuya bado."

Nilimvuta mkono. Nililia kwa niaba yake, maana mimi niliruhusiwa. Watu walikuwa wanapita wamebeba masufuria na kuku, na mwisho wa barabara tulisikia filimbi za wale vijana. Mama hakutikisika. Basi nikamfungua ule uzi mwekundu uliokuwa kwenye kidole chake, alikouvaa tangu mazishi, nikajifunga mwenyewe kwa meno kwenye mkono wa kushoto.

"Miye apa, mama. Miye njo Kabanga."

Alinitazama uzi, kisha uso. "Na Mbuyi?"

"Mbuyi eko mbele na baba."

Akainuka papo hapo, akanishika mkono, tukaenda. Tulipomfikia baba, nilifungua uzi nikamrudishia mama kimya kimya, naye akauvaa kidoleni bila kuuliza. Mpaka leo sijui kama alidanganyika au alikubali.

Kambi mnaikumbuka, wale mliokuwamo. Uwanja mkubwa nje ya mji, askari wageni wenye kofia za buluu wakilinda pembeni, na vibanda vya matawi, makaratasi magumu na mabati ya kuokota, kibanda juu ya kibanda. Miti yote iliisha kwa kuni ndani ya majuma machache. Moshi wa meko ulikaa chini kutwa nzima na macho ya mama yalikuwa mekundu daima, nami sikupata raha. Nilipepea moshi kwa kipande cha karatasi mpaka bega likaniuma. Niliyachunguza mashavu yake, na yakilowa nilimfuta haraka na kujiambia kwamba haya ni ya moshi, haya hayahesabiki.

Unga ulitolewa kwa karte, kadi ya kila nyumba yenye majina ya watoto. Kila mtoto aliyeandikwa alipaswa kuonekana mezani, na karani, Mkasai mwenzetu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, alikuwa anampimia kikombe chake. Mama alikuwa ameandikisha watoto wawili: Mbuyi na Kabanga. Hakudanganya. Aliulizwa ana watoto wangapi, akajibu kama alivyojua. Siku ya unga alinipeleka kwanza bila uzi, nikapimiwa. Kisha akanifunga uzi, nikarudi mwisho wa foleni, nikapimiwa tena. Karani aliona watoto wawili wa kufanana, wenye gauni moja, na mama anayeitwa Mwambuyi. Kwa nini atie shaka?

Jirani yetu wa kibanda, Mama Ngalula, alicheka mpaka akashika kiuno. Yeye aliazima watoto wa ndugu zake kwa zamu, na kila familia kambini ilikuwa na mtoto wa uongo mmoja au wawili.

"Mwambuyi, uko na akili, dada!" akamwambia mama. "Miye niko naazima batoto ya bantu, weye mutoto mumoja anakuwa babili!"

Mama alimtazama bila kuelewa. "Beko babili," akasema.

"Njo vile! Ata kwangu usemake vile vile!" Mama Ngalula akazidi kucheka.

Nami nikaridhika. Nilikuwa nimeanza kusikia watoto wa kambini wakisema kichwa cha mama yangu hakiko sawa. Sasa nikapata jibu: mama anajifanya. Ana akili kuliko mama zao wote. Siku zile ndizo nilizokuwa na furaha, Mungu anisamehe, katikati ya matope na kuhara. Nilikuwa watoto wawili, nilikula sahani mbili, na wakati watoto wengine walikonda, mimi mashavu yangu yalijaa. Baba aliitazama ile sahani ya pili ikikaa pembeni na tumbo lake likinguruma, hata siku moja hakuinyooshea mkono. Alikuwa amekonda sana baba yangu, na mimi niliona hivyo na nikala.

Kisha uongo wa kambi ukazidi unga uliokuwapo, na amri ikabadilika. Siku ya ukaguzi ilitangazwa. Kila mtoto atachovya kidole gumba cha kushoto katika dawa ya zambarau, ile wanayopaka vidonda, ambayo hukaa siku nyingi. Atakayekutwa anapita mara mbili, karte ya nyumba yote itachanwa. Mama Ngalula aliwarudisha watoto wa watu asubuhi na mapema. Alikuja kumwambia mama naye amtoe mmoja kwenye orodha, aseme ameenda kwa shangazi, aseme lolote. Mama akasema watoto wake hawakuenda popote. Baba alikuwa ametoka kutafuta fito mbali, na mimi nilinyamaza, kwa kuwa bado niliamini mama ana mpango.

Siku hiyo alinifunga uzi kwanza. "Kabanga atatangulia," akasema, "ni yeye anakosaka nguvu." Nikaenda na uzi, nikachovya kidole, karani akaweka alama mbele ya jina la Kabanga. Nikarudi kwa mama. Akafungua uzi, akanisukuma mgongoni taratibu niende tena. Nikamwonyesha kidole. Alikitazama kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akachota mchanga na majivu, akakisugua, akakisugua, mpaka ngozi ikachubuka na damu ikachanganyika na ile zambarau, na rangi haikutoka.

"Haizuru," akasema mama. "Enda. Karani anakujua."

Ndipo nilipotambua, nikiwa nimesimama na kidole kinachowaka, kwamba hakukuwa na mpango. Sijui namna ya kulieleza jambo hilo. Hakuna kilichobadilika usoni mwake, alikuwa mama yangu yule yule mwenye harufu ya moshi, ila nilijua sasa kwamba hanioni. Alinishika mkono tukaenda wote.

"Suivant!" karani akaita anayefuata. Mbele yetu mtu mmoja alikuwa amechaniwa karte, vipande vilikuwa bado miguuni pa meza. Nilinyoosha mkono wa kulia. Akaomba wa kushoto. Akakiona kidole.

"Huyu alisha kupita," akasema. "Mama, batoto yako beko bangapi?"

"Babili. Mbuyi na Kabanga."

"Kabanga alisha kupita, niko naona hapa. Mbuyi eko wapi?"

"Huyu njo Mbuyi," mama akasema kwa upole, akiniwekea mkono kichwani.

Foleni nyuma yetu ilianza kunung'unika. Mtu akasema wezi ndio wanaotuharibia. Karani alivua miwani, akapangusa macho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mutoto, usiniogope. Sema kweli, ama nipasule hii karte, na baba na mama balale na njaa. Weye njo nani?"

Nimeishi na swali lile muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume. Nilifikiri haraka, kwa akili yote niliyokuwa nayo. Nikisema mimi ni Mbuyi, basi asiyekuwapo ni Kabanga, na itanibidi niseme Kabanga alikufa. Neno hilo halijawahi kutamkwa na mtu yeyote mbele ya mama. Atalia, na mimi nitakufa. Lakini nikisema mimi ni Kabanga, basi aliyekufa ni Mbuyi, na Mbuyi hajafa. Litakuwa neno la uongo tu. Hakuna mama atakayemlilia mtoto ambaye amemwekea mkono kichwani.

"Miye njo Kabanga," nikasema.

"Na Mbuyi?"

"Mbuyi alikufaka."

Karani alinitazama, akamtazama mama, akashika kalamu, akapiga mstari juu ya jina langu. Nilikiona kile kitendo vizuri, meza ilikuwa sawa na kidevu changu.

Mkono wa mama ukatoka kichwani mwangu. Alikaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu mbele kama wanavyokaa wafiwa, akafungua kitambaa cha kichwa, na akalia. Hakulia kidogo. Alilia kwa sauti ya mazishi, akimwita Mbuyi, Mbuyi wangu uliyefungua mlango, Mbuyi uliyenipa jina, kwa nini umeniacha, na machozi yalimwagika mpaka kifuani. Mama Ngalula akaja mbio na unga mikononi.

"Mwambuyi, nyamaza! Nyamaza, utaita na ule mwingine!"

Alijaribu kumziba mdomo. Mama akamsukuma, akaendelea. Mimi nilisimama pale nikimsikia mama yangu akinililia, nami nipo, na sikuweza kumwambia nipo, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusema kwamba sipo.

Karani hakuichana karte. Alinipimia kikombe kimoja, akakishindilia kwa kiganja ili kiingie zaidi, na akatuambia twende.

Siku tatu nilingoja kufa. Sikucheza, sikula, nilijilaza pembeni ya kibanda nikiwa nimejifunga uzi mwekundu na nikijaribu kuhesabu. Kama mimi ni Mbuyi, basi nimeshaliliwa. Kama mimi ni Kabanga, basi nimeshaitwa. Kwa njia zote mbili nilikuwa maiti. Siku ya tatu baba alikaa karibu yangu na sufuria ya uji.

"Baba, nitakufa lini?"

"Nani alikuambia utakufa?"

"Mama alilia."

Alikoroga uji muda mrefu. Baba yangu alikuwa mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata, na niliona anapima. "Alimulilia nani?" akauliza.

"Mbuyi."

"Na ukimulilia Mbuyi, unaita nani?"

"Kabanga."

"Kabanga alisha kuenda zamani," baba akasema. "Na ule mwenye balimulilia eko hapa, anakataa uji. Kufa ikiya, itatafuta, haitaona muntu. Itarudia kwabo." Akanipa kijiko. "Ila usibadilishe tena. Ukae vile vile, Kabanga. Umenisikia? Ata kwa mama, ata kwa miye."

Nikala uji. Mara ya kwanza baba kuniita vile, alitazama sufuria. Mara ya pili alinitazama mimi.

Cha kunichanganya zaidi ni kwamba mama alipata nafuu. Alichana nywele, alisalimia watu, alicheka na Mama Ngalula, alinifunga ule uzi vizuri kwa fundo ambalo halikufunguka mpaka ulipooza wenyewe. Aliacha kutafuta, kwa kuwa Kabanga alikuwa amerudi. Na sahani ya pili aliifunga kwenye kitambaa. Nilingoja. Kila siku chakula kilipoiva nilingoja aifungue, sasa iwe sahani ya Mbuyi, si ndivyo desturi inavyotaka? Hakuifungua. Kabanga alipokufa aliwekewa sahani kila siku. Mbuyi hakuwekewa hata mara moja. Niliona wivu juu ya marehemu dada yangu, na niliona uchungu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia, kwani yeyote ambaye ningemwambia angeniuliza mimi ni nani.

Kambi ilipovunjwa, wengi walirudishwa Kasai ambako wengine wao hawakuwahi kuishi. Sisi tulibaki. Baba alisema mashine yake inajua mji mmoja tu, tukarudi Katuba, kwenye nyumba isiyo na milango. Shule iliniandika kwa ile karte. Kwa jina la Kabanga nilibatizwa tena kwa Kifaransa, nilipata cheti, niliolewa, nilizaa. Mama aliugua tena mara nyingi. Ukuta ulirudi kumsikiliza, safari moja alitembea kwa miguu mpaka Kinsevere, mbali nje ya mji, bila sababu aliyoijua, tukamleta nyumbani na nyayo zimepasuka. Madaktari walimpa ugonjwa wake majina mbalimbali, kila mmoja lake. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mapasa, na mimi sikusema. Baba naye alikufa bila kuteleza hata mara moja akaniita Mbuyi. Watu, kwa mazoea, waliendelea kumwita mama Mwambuyi, mama wa Mbuyi, na kila walipomwita hivyo mimi niligeuka.

Juma moja kabla ya kufa kwake nilimpelekea bukari na sombe kitandani. Alikuwa mwepesi sana, mikono imebaki mifupa, lakini alikaa mwenyewe. Akaniomba nivute kitambaa kilichokuwa chini ya kitanda. Nikakivuta, nikakifungua. Sikuwa nimeziona sahani zile pamoja tangu kambini.

Alichukua kijiko akakata bukari katikati. Alipima kwa jicho, akaongeza kidogo upande mmoja, akapunguza, mpaka zikawa sawa. Akaweka sombe hapa na hapa. Kisha akaisukuma sahani moja pembeni, kwenye kona ya kitanda ambako hakukuwa na mtu, na ile nyingine akanipa.

"Kula, Mbuyi," akasema. "Bukari inapola."

Nilimuuliza, "Mama, unajuaka ni miye?" Nadhani niliuliza pia tangu lini. Alikuwa ameshalala ubavu na kufumba macho, na sijui kama alinisikia. Sijui kama ilikuwa akili imemrudia siku ile, au ndiyo imemtoka kabisa, au kama wakati wote ule, tangu mezani kwa karani, alijua vizuri kuliko mimi na baba alimlilia nani. Nililia, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kuitwa na machozi yangu.

Nikala sahani yangu. Nilipomaliza, nikaivuta ya Kabanga, nikala na ile.